Hodi ya Tatu

Kama sauti yako inakwaruza wiki ya tatu sasa na bado unajiambia ni vumbi, mimi ndiye wa kukuandikia. Sikusoma. Darasa la nne niliondoka daftari halijajaa. Binti yangu Editha, ambaye ni mwalimu wa skuli, amenisahihishia herufi tu. Maneno nimemkataza kuyagusa. Lakini ugonjwa wa koo nimeusoma mpaka darasa la mwisho, na najua mahali ambapo mtu anaanza kujidanganya, maana nilijidanganya mwenyewe, na mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi.

Naitwa Fundi Klementi. Ukiuliza Mji Mkongwe ni nani anazijua nyumba za mawe na chokaa, utaonyeshwa mimi. Nilivuka kutoka bara na shati moja. Nikabeba mawe, nikachimba mashimo ya chokaa, nikatazama mikono ya wazee wakipiga lipu mpaka mikono yangu nayo ikajua. Leo nina mafundi kumi na wanane. Wahandisi wenye vyeti wanakuja kuniuliza kwa nini ukuta wao unatoka jasho. Nyumba yangu ya Mwanakwerekwe nimeijenga kwa mikono hii hii, na kanisani mimi ni mzee wa kanisa. Hakuna nilichopewa na mtu. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, na nilikuwa nikisema kwa sauti.

Sauti ndiyo iliyokuwa mali yangu ya kwanza. Nikiwa juu ya paa la ghorofa ya tatu, kibarua aliye chini akikosea kuchanganya chokaa alinisikia bila simu. Kanisani umeme ukikatika, waliniita mimi nifungue maombi. Mke wangu, Mama Editha, alikuwa akiniambia, "Baba Editha, Mungu si kiziwi." Nilicheka. Nilidhani ananisifu.

Ilianza wakati wa Pasaka, mvua za masika zimeshika. Niliimba kwa nguvu, na jioni yake sauti ikawa nzito kama mtu aliyeamka sasa hivi. Nikasema itaondoka. Haikuondoka. Nikanywa tangawizi na asali, nikatafuna karafuu, nikajifunga mtandio shingoni. Aliyeniuliza nilimjibu kuwa ni vumbi la chokaa, kazi yetu ndivyo ilivyo.

Sasa nisikilize hapa. Wateja wangu nawakataza jambo moja: usipake saruji juu ya ukuta wa chokaa. Siku ile saruji inapendeza, imenyooka, mwenye nyumba anafurahi. Lakini ukuta wa mawe unapumua. Ukiuziba, maji yanabaki ndani na yanaula taratibu. Siku moja unaugonga kwa ngumi, unasikia ndani ni patupu. Nimewagombeza watu wangapi kwa kosa hilo. Na miezi ile yote mimi nilikuwa najipaka saruji kila asubuhi.

Kipupwe kilipoingia, nikakohoa damu. Kidogo tu, kama uzi. Editha akaiona leso.

"Baba, hii nini?"

"Rangi ya dirisha."

"Rangi ya dirisha imefikaje kinywani?"

Nikataka kumkemea, na kemeo langu kila mtu pale nyumbani analijua. Likatoka kama upepo unaopita chini ya mlango.  Editha akaikunja ile leso akaenda nayo, na mimi nikatoka kwenda kazini haraka haraka.

Lililonipeleka hospitali ni neno hodi.

Kuna mama mmoja mtu mzima, Bi Zuwena, mjane, nyumba yake iko ndani kabisa ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Miaka ishirini nnamtengenezea kuta zake. Mimi Mkristo wa bara, yeye Mwislamu wa mji, na aliniamini na nyumba yenye wanawake peke yao. Amana hiyo ina sharti moja tu: mwanamume haingii mpaka apige hodi na asikie karibu. Unapiga mara tatu. Usipojibiwa hata ya tatu, unarudi zako, husukumi mlango wala hununi. Kila mtoto wa Unguja anaijua desturi hiyo kabla hajajua kuhesabu.

Siku hiyo, vuli imeanza kunyesha, nilisimama mlangoni kwake nikapiga hodi. Ndani nikasikia, "Karibu, karibu sana." Nikapita ukumbini mpaka uani. Mjukuu wake alikuwa kichwa wazi anaosha nywele, kanga imefungwa kifuani. Msichana alipiga ukelele, ndoo ikapinduka. Bi Zuwena akatoka jikoni na simu sikioni, na ndipo nilipofahamu kuwa ile karibu alikuwa akimkaribisha mtu kwenye simu.

"Nani kakwambia uingie?"

Nilipiga hodi, Bi. Nilisema hivyo. Mdomo ulisema.

"Miaka ishirini, Fundi Klementi. Leo umeniingilia kama mwizi."

Nikasema tena. Nikajikaza mpaka mishipa ya shingo ikaniuma. Hakikutoka kitu, na nikaelewa kwamba hata kule mlangoni hakikutoka kitu. Nilipiga hodi mara tatu na nilisikia mimi peke yangu.

Bi Zuwena alinitazama midomo. Hasira ikamtoka usoni, ikaingia huruma, na hiyo ya pili ndiyo iliyoniogopesha. Mtu akikukasirikia bado wewe ni mzima.

"Huna sauti hata chembe," akasema. "Mkeo anajua?"

Nikatikisa kichwa.

"Nenda spitali. Ukuta wangu utakungoja."

Haji alikuwa nje, anachekecha mchanga. Haji ni mtu wa Tumbatu, umri wetu mmoja, tumeanza kazi pamoja, na ulimi wake hauna breki. Siku hiyo hakufanya mzaha. Aliniweka nyuma ya vespa yake, akanipeleka moja kwa moja nyumbani kwangu, akamwambia mke wangu yote nikiwa nimesimama pale pale. Mama Editha alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Haji anajua," akasema. "Bi Zuwena wa mjini anajua. Editha kaficha leso ya damu kabatini, anajua. Mimi nnalala na wewe kitanda kimoja, mimi ndiye mgeni."



Yaliyofuata ni mabenchi. Hakuna aliyeniambia kuwa ugonjwa ni kukaa. Unakaa kungoja kadi, unakaa kungoja daktari, unakaa kungoja majibu, na kila benchi lina baridi yake. Walinikata kinyama kooni, tukangoja. Kisha daktari, mwanamke mdogo kuliko Editha, akatuita ndani akafunga mlango. Mlango ulipofungwa nilijua. Akasema ni saratani. Akasema nitavuka Dar es Salaam kupigwa mionzi, siku thelathini na tano. Mionzi ikikubali, sawa. Isipokubali, watakitoa kile kisanduku cha sauti chote, na nitapumulia tundu la shingoni maisha yangu yaliyobaki.

"Na kisipotolewa?" Mama Editha akauliza.

Daktari akatazama karatasi zake. "Mama, tusifike huko."

Tulipotoka, kwenye benchi alikaa mzee mmoja amefunga kitambaa cheupe shingoni. Alipotaka kumwambia mwanawe kitu, aliinua kidole akaziba mahali, ikatoka sauti kama ya pampu ya baiskeli. Mwanawe akaelewa, akamletea maji. Mimi nikatafuta ukuta wa kushika. Nilishika ukuta ule, na kwa mazoea nikaona umepakwa saruji.

Hapo kwenye benchi ndipo hofu yenyewe iliponijia, na haikuwa ya kufa peke yake. Nilianza kuhesabu. Tumefundishwa kanisani kwamba Bwana anasimama mlangoni pa mtu na kubisha. Nimelihubiri mwenyewe neno hilo, kwa mikono hewani. Sasa nikaona: ile sauti ya Pasaka ilikuwa hodi ya kwanza. Damu ya leso, hodi ya pili. Uani kwa Bi Zuwena, ya tatu. Na mara zote tatu mimi nilikuwa ndani ya nyumba yangu napiga kelele za mambo yangu, sikuitika. Na desturi inasema nini? Hodi tatu, usipojibiwa unarudi zako. Bwana ni muungwana kuliko sisi sote. Basi ameshakwenda.

Utacheka. Mtu mwenye elimu angelipangua jambo hili kwa dakika moja. Lakini mimi mambo yangu yote nimejifunza kwa kutazama watu wanavyofanya, na sikuwahi kumwona muungwana akipiga hodi ya nne.

Tulivuka joto la kaskazi limeanza. Tulifikia kwa dada yake Mama Editha, na kila asubuhi isipokuwa mwisho wa wiki nilipelekwa kwenye mashine. Walinitengenezea kinyago cha plastiki cha sura yangu, ukikivaa wanakikaza mezani kwa vifungo usigeuke. Mimi niliyesimamia wanaume kumi na wanane nililala pale nimefungwa kichwa kama mbuzi. Siku ya kwanza nilitetemeka mpaka yule kijana wa mashine akarudi kutazama kama meza ina hitilafu. Mionzi yenyewe haiumi. Unalala, mashine inalia, unaambiwa amka. Nikasema kumbe si kitu.

Mionzi ya kumi na mbili ikanijibu. Mate yalikauka. Chumvi na sukari vikawa kitu kimoja, vyote ladha ya bati. Ya ishirini, ngozi ya shingo ilikuwa nyeusi inabanduka kama lipu ya mwaka wa mvua nyingi. Kumeza maji kulikuwa kama kumeza kokoto. Suruali nikaifunga kamba. Ndevu zikadondoka upande, zikabaki upande, na shemeji yangu akaniambia nafanana na jogoo aliyepigana. Niliona kwamba anataka nicheke, nikamchekea kwa macho.

Na sikuweza kuomba. Ndugu wa kanisani walituma ujumbe: mzee, simama imara, omba. Nilikuwa nafumba macho, naona mlango umefungwa na mtaa mtupu. Nimwite nani na ameshapita?

Mama Editha alikuwa hajanisamehe. Alinipikia uji wa mchele mwepesi, akanilisha, akanifulia, yote hayo bila maneno mengi. Lakini kila baada ya muda alikuja na pamba aliyoichovya majini akanipitishia midomoni. Siku nyingi nilimwacha tu. Mpaka mara moja, ilikuwa mionzi ya ishirini na sita, nikamtazama mkono ukipita, na nikaujua ule mwendo. Lipu ya chokaa ukishaipiga huiachi. Ikikauka upesi inapasuka. Unarudi na burashi na maji, unailowesha, unakwenda, unarudi, siku baada ya siku, na hakuna mteja anayekusifu kwa hilo kwa sababu hakuna anayekuona. Hiyo ndiyo kazi ninayowapa vibarua wapya, maana nilikuwa naiona ni ndogo.

Nikachukua simu nikamwandikia: Nisamehe kwa kukuficha.

Akasoma. Akachovya pamba tena. "Funga mdomo," akasema, "inadondoka." Lakini tangu hapo alikuwa akikaa kitandani, si kwenye kiti.

Tulirudi Unguja masika yanaanza. Daktari alisema tungoje miezi mitatu, koo lipoe, ndipo atie kamera aone kama saratani imekwisha au imebaki. Miezi mitatu hiyo, ndugu yangu unayesoma, ndiyo mibaya kuliko mionzi. Kwenye mionzi angalau kuna mtu anafanya kitu. Nilikuwa najigusa shingo kila saa. Kila uvimbe wa mbu niliuona ni wenyewe.

Nyumbani kukawa kimya, maana mpiga kelele alikuwa mimi. Ndani ya kimya kile nikasikia vitu. Kumbe mke wangu huwa anaimba akichambua mchele, sauti ndogo, nzuri. Nikamuuliza Editha kwa kuandika, ameanza lini. Editha akanijibu, "Baba, mama anaimba tangu mimi mdogo. Wewe ndo ulikuwa hewani." Nyumba niliijenga mwenyewe tofali kwa tofali na sikuwahi kusikia kilichomo.

Siku moja Haji akaja. "Twende kwa Bi Zuwena," akasema. "Ukuta unangoja, na wewe una deni la radhi." Nikamwonyesha koo: nitapigaje hodi? "Nitapiga mimi. Wewe shika heshima, mimi nashika mdomo."

Tulifika, Haji akasimama mlangoni. "Hodi! Hodi hapa. Mimi Haji, niko na fundi wangu aliyemeza chura."

Kikajibu kicheko kwanza. "Karibuni. Huyo fundi apite. Wewe mwenye maneno subiri nijifunge buibui."

Nilikwenda nikainama mbele yake, nikaweka mkono kifuani. Nikajaribu shikamoo, ikatoka hewa. Bi Zuwena akasema, "Marahaba, marahaba, nshaisikia. Kaa." Yule mjukuu akaniletea chai akaniambia imepoa, makusudi nisiungue. Sikutegemea. Nilishindwa kumtazama.

Tukatoka nje kuukagua ukuta. Huyo mjukuu alitaka baraza la mawe la mlangoni livunjwe apate pa kuweka pikipiki yake. Bi Zuwena akapiga fimbo chini.

"Baraza hili haliguswi. Marehemu mume wangu, Mzee Khamisi, aliwahi kukaa hapa tangu adhuhuri mpaka alasiri kwa ajili yangu."

"Alikuwa kapumzika?" Haji akauliza.

"Kapumzika wapi. Mie nilikuwa nimemkasirikia, nkatia komeo. Akabisha. Nkanyamaza. Akapiga hodi ya pili, ya tatu, nami kimya, nakata vitunguu. Nkasikia nje pametulia, nkasema haya, kenda zake, na roho ikanipasuka, maana sikutaka aende, nilitaka ajue tu. Alasiri nafungua kumwaga maji, namkuta hapa. Kavua kofia, kaagiza kahawa, anazungumza na wapita njia. Nkamwambia, hodi tatu hukujibiwa, mbona hukwenda? Akanambia, we Zuwena, hodi tatu ni za mgeni. Mimi nitakwenda wapi, na hapa ndipo kwangu?"

Haji alicheka mpaka akashika magoti. Mjukuu naye. Mimi nilikaa juu ya lile baraza. Niliweka kiganja kwenye jiwe. Limelainika kwa watu kulikalia. Machozi yakatoka, na mate, ambayo sikuwa nimeyaona tangu kaskazi, nayo yakatoka kidogo.

"Kulikoni tena?" Bi Zuwena akauliza.

"Mwache, Bi," Haji akasema. "Chura anataka kutoka."

Sikumwandikia mtu neno siku hiyo. Lakini tulipofika Mwanakwerekwe niliketi kizingitini kwangu, nikafumba macho, nikautazama ule mtaa wangu mtupu wa ndani. Sikupiga kelele, sina za kupiga. Nilivuta komeo tu, nimfungulie aliyekuwa bado barazani. Sikusema ombi jingine.

Sitakwambia hofu ilikwisha. Siku ya kamera, kipupwe kimerudi, nilijigusa shingo njia nzima. Benchi lilikuwa lile lile. Yule mzee wa kitambaa cheupe hakuwepo, na sikuthubutu kuuliza. Mama Editha alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hatujawahi kulifanya tangu ndoa, na kiganja chake kilikuwa na maji kama changu.

Yule daktari mdogo alitia kamera puani, ikashuka. Machozi yalinitiririka. Akatazama kwenye kioo chake kwa muda mrefu. Akaitoa. Akakaa, akavuta karatasi, akaanza kuandika, na usoni mwake hamkusomeka kitu. Nilitazama kalamu ikienda. Nilijisemea, akiandika mstari mrefu nimekwisha. Akaandika mstari mrefu.

"Sijaona kitu kibaya," akasema, bado anaandika. "Nasema sijaona leo. Utarudi kila baada ya miezi miwili, na usiniletee habari za kujitibu kwa karafuu. Sasa nataka niisikie hiyo sauti iliyobaki. Sema neno lolote."

Nilikuwa na maneno mengi wakati wa uzima wangu. Nilitafuta moja. Mama Editha alikuwa nyuma yangu, nilisikia amezuia pumzi. Nikafungua mdomo, na likatoka, kavu, limekwaruzika, dogo kuliko sauti ya mtoto, lakini lilitoka na lilifika upande wa pili wa meza.

"Hodi."

Daktari hakuinua kichwa. Alijibu kama anavyojibu mtu yeyote wa hapa, bila kufikiri, kalamu ikiendelea.

"Karibu."